Una Miaka 19 na Lukemia? Mlango Utakaoingilia Unaweza Kuamua Kama Utapona

Cheki hii, msee. Wasee wawili, wote miaka 19, wote wana ALL, ile lukemia kali inayoshika watoi sana. Mmoja anapelekwa kwa daktari wa watoto, mwingine kwa daktari wa watu wazima. Ugonjwa ni ule ule, umri ule ule. Nani ako na chansi poa?

Yule wa kwa watoto. Na si kwa kubahatisha.

Ufaransa walipiga hesabu mwaka 2003 wakiangalia vijana wa miaka 15 hadi 20. Waliotibiwa kwa mpango wa watoto, 67% walifika miaka mitano bila ugonjwa kurudi. Kwa mpango wa wakubwa? 41%. Marekani nao wakarudia 2008 na vijana 321: baada ya miaka saba, 67% walikuwa hai upande wa watoto, 46% upande wa wakubwa. Manze, hiyo gap ni maisha ya watu.

Sasa tofauti iko wapi? Mpango wa watoto unamwaga zaidi asparajinesi, vinkristini na steroidi, unalinda ubongo mapema, na ratiba haichezewi. Wakubwa walikuwa wanapewa zaidi kemo ya kuchoma uboho, ama wanaharakishwa kupandikizwa uboho mwingine.

Basi madaktari wakajiuliza: mbona tusiwape wakubwa dawa ya watoi? Kati ya 2007 na 2012, utafiti wa Marekani unaoitwa C10403 ukafanya hivyo kwa wagonjwa 295 wasiozidi miaka 39, wakitibiwa na madaktari wa watu wazima. Baada ya miaka mitatu, 73% walikuwa hai. Zamani, nusu ya wagonjwa kama hao walikuwa wameshaangushwa na ugonjwa kufikia miezi 30. Hapa ilichukua miezi 78.

Lakini usikimbie bado. Hawakugawa watu kwa kura, walilinganisha na rekodi za zamani. Na asparajinesi si maji: inasumbua ini na inaweza kugandisha damu. Wenye mwili mnene walifanya vibaya. Wafaransa walipojaribu hadi miaka 60, waliopita 45 walilemewa na makali ya dawa. Mwili wa mtoi unavumilia mengi, wa mzee hapana.

Point yangu ni hii: kutimiza miaka 18 hakubadilishi damu yako. Kunabadilisha tu wodi unayolazwa. Kwa miaka mingi, vijana walilipa na maisha yao kwa sababu ya kamstari kwenye karatasi.

So kama wewe, bro wako ama siste yako amepatikana na ALL na hajafika 40, usiogope kumuuliza daktari swali moja: "Huu mpango ni wa watoto ama wa wakubwa, na mbona mmeuchagua?" Daktari mpoa hatakasirika. Atakujibu.