Mwalimu na depite: heshima ni moja



Kwenye rantre ya mwezi wa 9, 2024, walimu wengi wa Kivu ya Kusini hawakuingia darasani. Watoto walibakia nyumbani, wengine waliuzisha mandazi barabarani, na wale wa darasa la sita walijiuliza mtihani watafanya namna gani. Wazazi walichoka. Na mujini tulisikia swali moja: "Ju ya nini walimu njo wapandishiwe mshahara? Motari hafanye kazi? Askari je? Anfirmiye je?"

Swali si baya. Tulijibu.

Walimu waliomba dola 500 kwa mwezi. Wakati ule wengi wao hawakufikisha hata 200. Wanalipwa kwa franka, lakini mwenye nyumba anataka dola. Motari, esansi ikipanda, anaongeza bei ya kursi. Mwalimu yeye ataongeza nini? Tangu 2019 masomo ya primeri ya Leta ni ya bure, mzazi hapaswe tena kutoa prime. Hiyo iko katika Katiba, kifungu cha 43, na sisi haturudi nyuma. Lakini siku Leta ilimuambia mzazi aache kulipa, ilibakia yenyewe peke yake. Ikilipa vibaya, mwalimu hana mlango mwingine wa kubisha. Na kuna wale wanaofundisha miaka na miaka bila Leta kuwapa hata franka moja.

Askari na anfirmiye nao wanalipwa vibaya, ni kweli. Wanastahili zaidi, na siku watadai tutakuwa nao. Lakini tufungue macho ju ya mutego huu: kila mara masikini mmoja anaomba haki, wanamuonyesha masikini mwingine. "Ona mwenzako, ananyamaza." Mwalimu anapimwa na askari, askari anapimwa na motari. Hakuna anayepimwa na yule anayegawa pesa.

Basi leo tupime huko juu.

Mwezi wa 2, 2004, serkali na sendika walipatana pale Mbudi, Kinshasa. Mfanyakazi wa Leta wa chini kabisa angelipwa dola 208, wa juu kabisa dola 2 080. Mmoja kwa kumi. Ni Leta yenyewe ilikubali. Miaka 20 baadaye, mwalimu mwenye diplome alikuwa hajafikia hata mshahara ulioandikwa kwa planto anayekaa mlangoni mwa ofisi.

Na depite? Martin Fayulu, ambaye naye alikuwa depite, alisema mbele ya watu kama depite wa taifa anapata dola 21 000 kwa mwezi. Kama ni vile, depite mmoja anakula mshahara wa walimu zaidi ya mia moja. Mia moja! Hiyo ni walimu wa masomo kadhaa, na watoto wao wote.

Watasema depite anahitaji heshima ya kazi yake. Sawa. Kifungu cha 109 cha Katiba kinampa malipo ya haki yanayolinda uhuru na heshima yake. Lakini musome pia kifungu cha 36: kila mfanyakazi ana haki ya malipo yanayomuwezesha yeye na jamaa yake kuishi kwa heshima ya mtu. Katiba ni moja, neno ni moja: heshima. Haikuandika kama heshima ya mmoja inagharimu mara mia ya mwingine.

Kwa hiyo tunasema:

Kwa serkali: lipeni walimu wote wanaofundisha, na mutangaze wazi mshahara wa mwalimu, wa depite na wa waziri. Kifungu cha 109 kinataka malipo ya depite yawe katika sheria ya bajeti. Tuonyesheni mustari.

Kwa walimu: mgomo ni haki yenu, kifungu cha 39. Lakini musikubali suluhisho ya kurudisha prime kwa mzazi. Huyo si adui yenu.

Kwa sendika: musitie sahihi usiku kitu ambacho walimu hawajakiona mchana.

Na kwako kijana: depite wako akirudi mujini, usimuombe pesa ya bia. Muulize: "Papa, unalipwa ngapi kwa mwezi? Na mwalimu wa mtoto wangu je?"

Angojee kidogo. Na wewe usiondoke mpaka ajibu.