Wasomi na Hesabu ya Mchinga

Kila chuo kikuu kinapoadhimisha miaka yake, husomwa orodha ya wahitimu waliopanda vyeo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotimiza miaka 60 mwaka 2021 kilikuwa na majina mengi ya kutaja: marais, majaji, mabalozi, maprofesa na wakurugenzi. Orodha hiyo ni ya haki, na Taifa lina kila sababu ya kujivunia. Hata hivyo, orodha hiyo huandikwa Dar es Salaam. Leo tunapenda kuuliza ingesomekaje kama ingeandikwa Mchinga, kaskazini mwa mji wa Lindi, mahali ambapo wananchi hawamjui msomi kwa cheo alichofikia, bali kwa mambo mawili tu: kwamba alikuja, na kwamba alikaa.

Turudi nyuma kidogo. Chuo hicho kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba nchi ilianza kujitawala ikiwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Katika hali hiyo kila aliyehitimu alikuta kiti kinamngoja, na mara nyingi viti viwili. Ndugu Julie Manning, miongoni mwa wanawake wa kwanza kusomea sheria chuoni hapo, alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Hayati Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, aliyepata shahada yake Makerere mwaka 1962, alihariri magazeti ya Chama kabla hajawa balozi, waziri na hatimaye Rais. Hicho ndicho kizazi kilichopanda haraka kwa sababu ngazi ilikuwa tupu.

Ni kizazi hicho hicho kilichoandamana tarehe 22 Oktoba 1966 kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa sharti la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa miezi 18. Mwalimu aliwarudisha makwao wanafunzi wapatao 400, kisha akapunguza mishahara ya viongozi akianza na wa kwake mwenyewe. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kurudi na chakula kwa wenzake. Mfano huo umerudiwa mno katika mahafali. Unaosahaulika ni upunguzaji wa mishahara, yaani kwamba aliyekemea alianza kwa kujikata mwenyewe.

Tunasema hivyo kwa makusudi. Wapo wakubwa leo wanaowasuta vijana waliohitimu karibuni kwamba hawapendi vijiji, hawana uzalendo, wanataka mjini tu. Kemeo la 1966 halistahili kuhamishiwa kwao bila kutazama hali ilivyobadilika. Mhitimu wa 1966 alisomeshwa kwa fedha za umma na kazi yake ilikuwa ya uhakika. Katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza watumishi, na kwa fani nyingi ajira ya moja kwa moja ikakoma. Tangu 2005 kijana asiye na uwezo husoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Wengi husubiri kazi kwa miaka wakiomba kila nafasi inayotangazwa, huku wakifundisha masomo ya ziada au wakiendesha bodaboda. Kijana wa namna hiyo akipangiwa Kitomanga au Rutamba hakatai. Huenda mbio.

Swali ni nini kinachompata baada ya kufika, na hapo ndipo ilipo hoja yetu.

Pwani ya Lindi imezoea wasomi wapitao. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba mifupa ya mijusi wa kale huko Tendaguru. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa Berlin, kimo chake mita 13, na wasomi wa nchi nyingi wamejipatia sifa kwa kuandika juu yake. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, hakuwa na shahada yoyote. Ilimpasa kungoja hadi mwaka 2007 ndipo jina lake likatumika kumwita mnyama mmojawapo. Halafu ukaja mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, wenye wataalamu waliosomea udongo katika vyuo vyenye sifa, ila hawakumuuliza mkulima wa Nachingwea mvua hunyesha lini. Reli waliyoijenga kutoka Mkwaya kwenda Nachingwea leo haipo.

Wamekuja na wa kwetu pia. Ndugu Jakaya Kikwete, aliyehitimu uchumi mwaka 1975, alichagua kazi ya Chama mikoani wakati wenzake wengi wakielekea wizarani na kwenye mashirika, na katika miaka ya 1980 alifanya kazi Nachingwea na Masasi. Ndugu Kassim Majaliwa wa Ruangwa alipita njia nyingine: alisomea kwanza ualimu Mtwara, akafundisha, na shahada akaipata mwaka 1998 akiwa mtu mzima. Mwaka 2015 akawa Waziri Mkuu, akakaa katika nafasi hiyo miaka kumi. Mama Salma Kikwete, aliyechaguliwa Mbunge wa Mchinga mwaka 2020, naye ni mwalimu. Hao wanajulikana. Tunaowataka kuwataja zaidi ni wale ambao hawatajwi na orodha yoyote: mwalimu wa hesabu aliyekaa shule moja ya kata kwa miaka kumi na tano, tabibu aliyejifunza Kimwera ili wazee wamweleze maradhi yao, bwana samaki ambaye wavuvi wanamfahamu kwa jina la utani. Kwa hesabu ya Mchinga hao ndio waliofaulu.

Kwa nini ni wachache? Zamani jibu lilikuwa barabara. Mtu akipelekwa Lindi alihesabiwa amefungwa na mvua miezi kadhaa. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, lami ikafuata, na sababu hiyo imepungua nguvu, ingawa mafuriko ya Mei 2024 yalipokata barabara eneo la Somanga tulikumbushwa kwamba haijafa. Sababu iliyobaki haitokani na mvua. Inatokana na ofisi.

Mwalimu mpya hufika akiwa na begi na barua. Nyumba hakuna, au ipo na haina mlango. Fedha ya kujikimu huja baada ya kukopa kwa mwenye duka. Akikaa miaka, wenzake wa mjini hupanda daraja kwa sababu wanaweza kwenda wenyewe kufuatilia majalada yao, na lake huambiwa halionekani. Akitaka kujiendeleza, barua ya ruhusa hulala mezani mpaka muda wa kuomba nafasi umepita. Kwa ufupi, aliyekaa huadhibiwa kwa kukaa kwake, na aliyepata mtu wa kumwombea uhamisho huzawadiwa. Baada ya hapo tunashangaa kwamba shule za pwani hazina walimu wa sayansi!

Wanaoshika majalada hayo si wageni. Ni watumishi wa umma, wengi wao wahitimu wa vyuo vile vile, na baadhi yao ni wasomaji wa ukurasa huu. Serikali za awamu zote zimetoa miongozo mizuri kuhusu maslahi ya watumishi wa mazingira magumu. Muongozo hausafiri wenyewe kutoka Dodoma hadi Mchinga. Afisa utumishi anayechelewesha daraja la mwalimu wa Kitomanga kwa mwaka mzima amefanya lile lile ambalo Mwalimu alimwonya msomi asilifanye, tena bila hata kuandamana.

Jambo hili lina uzito zaidi wakati huu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeanzisha ujenzi wa kampasi Lindi, huko Ngongo. Mradi mkubwa wa gesi asilia umepangiwa Likong'o, mwendo mfupi kutoka Mchinga, ingawa mazungumzo yake yamechukua zaidi ya miaka kumi. Siku ujenzi utakapoanza, wahandisi watapatikana popote duniani. Mtoto wa mvuvi wa Mchinga hatakuwa miongoni mwao kama leo kidato chake cha pili hakina mwalimu wa fizikia, na huyo mwalimu yumkini yupo, ila anaandika barua ya tatu ya kuomba uhamisho.

Tunapendekeza jambo dogo lisilohitaji fungu la bajeti. Halmashauri za Kilwa, Mtama na Manispaa ya Lindi zifungue daftari la kila mhitimu anayepangiwa vijijini: siku aliyofika, siku aliyopata nyumba, siku aliyopandishwa daraja, na kama ameondoka, siku na sababu ya kuondoka. Daftari lisomwe mbele ya madiwani kila robo ya mwaka, na afisa anayehusika awepo kujibu. Lianze na walimu waliopangiwa shule mwaka huu.