Pesa za Arena zipo, zetu zimefungiwa banki

Bwana Mhariri,

Mtoto wa dada yangu amelazwa wiki hii kwa kuharisha na kutapika, na zahanati iliyompokea ilitaka pesa taslimu kwanza ndipo atundikiwe maji. Pesa ninazo. Ziko banki, na hazijatoka humo tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na mabanki yakafunga milango. Ikabidi nimpigie simu kaka yangu aliyeko Butembo anitumie kidogo kwa simu, maana siku hizi ndivyo tunavyoishi hapa.

Kutumiwa ni jambo jepesi. Kuzitoa ndiyo kazi. Kibanda cha kwanza pale Katindo hakikuwa na kitu. Cha pili kilikuwa na franka kidogo, zimechakaa mpaka namba hazisomeki. Nikateremka hadi Birere, nikampata mama mmoja mwenye dola, naye akataka dola 4 kwa kila 100, mbali na zile ambazo mtandao wenyewe unakata. Sikugombana naye. Yeye pia anazifuata Gisenyi, na njiani wapo wanaomngojea mkono wazi. Nikalipa, nikapanda pikipiki, nikarudi zahanati mbio.

Keshia akachukua noti yangu ya dola 20, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha pembeni taratibu. Palikuwa na mchaniko usiozidi punje ya mchele. "Mama, hii haipite." Nikamwonyesha mtoto, macho yamezama, midomo imekauka. Akasema ameagizwa hivyo na wakubwa wake, kwa sababu wauzaji wa dawa nao wanazikataa. Basi nikatoka tena kutafuta kambisti, yaani mbadilisha pesa, wa kuipokea ile noti kwa hasara, na mtoto anasubiri.

Pale kwa kambisti ndipo niliposikia redio. Walikuwa wanazungumzia Kinshasa Arena, lile jumba la michezo na muziki la watu 20,000 lililoanza kujengwa mwaka 2023 na kampuni ya Kituruki katikati ya mji mkuu, kwenye eneo la Palais du Peuple, lilipo bunge, jirani na Stade des Martyrs. Vijana waliokuwa pale wakaanza kubishana. Mmoja akasema Kongo ni nchi kubwa, haiwezi kukosa ukumbi wa basketi wa hadhi. Mwingine akasema litaleta kazi, wanamuziki watajaza viti, leta, yaani serikali, itarudisha pesa yake. Mimi nilikuwa nimeshika noti iliyokataliwa, nikashindwa kunyamaza.

Nawaambia na wasomaji wako nilichowaambia wale vijana. Sichukii michezo. Wanangu wamekua wakienda Stade de l'Unité kushangilia DC Virunga, na kaka zao walijifunza mpira juu ya mawe ya volkano, magoti yanatoka damu. Lakini pesa ya leta ni pesa yangu. Ninauza vitenge; kitenge kikipita forodha kimelipiwa, TVA ni asilimia 16, na meza yangu sokoni ina kodi yake. Siku hizi tunatozwa na hawa walioushika mji, na bado hesabu za wale wa Kinshasa zinatungoja. Anayelipa namna hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini jumba la starehe linapata pesa kabla yake.

Na haliko peke yake. Mwaka 2023 Kinshasa iliandaa Michezo ya Francophonie, mamilioni ya dola yakaenda kwenye viwanja na kumbi, pamoja na pale Tata Raphaël ambapo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mwaka 1974. Tuliambiwa kumbi zile ni za vijana wa nchi nzima. Mwaka 2025, Goma ikiwa imeshafungiwa mabanki na uwanja wa ndege, serikali ikatia saini na AC Milan, na AS Monaco, kisha FC Barcelona kwa miaka minne, mkataba ambao magazeti yalisema ni wa zaidi ya euro milioni 40, ili jina la Kongo liandikwe mgongoni kwenye fulana za mazoezi. Wanasema ni kuvutia watalii. Mtalii huyo atatua wapi? Akitaka kuona Nyiragongo au sokwe wa Virunga atapita uwanja upi wa ndege?

Kama Arena ni biashara yenye faida, basi wafanyabiashara waijenge, au angalau waichangie mbele ya macho yetu. Hata Kigali, ambako leta ilijenga arena yake mwaka 2019, benki ililipa mwaka 2022 ili jengo liitwe kwa jina lake. Sipendi kuwatolea mfano majirani hao wakati huu, lakini ukweli ni ukweli. Kwetu tunaona picha za sherehe na utepe. Bei na masharti ya mkataba tunayasikia nusunusu.

Tena tulishaumwa. Kuanzia 2020 tulikatwa uniti kwenye simu zetu kwa ajili ya ile kodi ya kusajili simu, RAM. Mtu anaweka uniti za kumpigia mama yake kijijini, anakuta zimepungua. Watu walipiga kelele nchi nzima mpaka ikafutwa mwaka 2022. Mpaka leo sijaona aliyenieleza kwa lugha ya kueleweka uniti zangu zilijenga nini. Wanasiasa wa kila rangi wana tabia moja: wakati wa kuchukua wanajua nyumba yako, wakati wa kuhesabu hawakumbuki barabara. Wa upinzani wanakemea mpaka wapewe wizara, halafu wanakata utepe nao.

Nirudi kwa mtoto, kwa sababu hasira yangu yote imeanzia kwake. Daktari alisema ni maji. Bwana Mhariri, sisi tunaishi ukingoni mwa ziwa Kivu! Kutoka kwangu unaliona. Lakini umeme ukikatika pampu zinasimama, robine za mtaa zinakauka, na bidoni la lita 20 linalokuja kwa chukudu linapanda bei siku hiyohiyo. Asiye na pesa anawatuma watoto ziwani kuchota palepale watu wanapofulia. Hivyo ndivyo kipindupindu kinavyoingia nyumbani. Pampu, mabomba, jenereta za kusukuma maji: hivi navyo ni ujenzi, navyo vinataka mainjinia na saruji na vinawapa vijana kazi.

Waheshimiwa wabunge tuliowapigia kura hapa Goma Desemba 2023, nyinyi mko Kinshasa. Arena inajengwa mlangoni pa ofisi yenu, mnaipita mkienda kikaoni. Simameni humo ndani mwulize imetengewa kiasi gani, mkataba umepitiwa na nani, na matunzo yake ya kila mwaka yatalipwa kwa pesa ipi. Ulizeni pia banki zetu zitafunguliwa kwa mpango gani, maana zile ni akiba zetu, si sadaka. Mkijibiwa, semeni redioni kwa Kiswahili ili na sisi wa sokoni tusikie.

Mtoto bado yuko kitandani. Deni la zahanati bado halijaisha.

Mama muuza vitenge,
Soko la Virunga, Goma