Mboga za Uani mwa Nyumba ya Ibada

Ukitaja bustani ya mboga uani mwa kanisa au msikiti hapa Buyenzi, Bujumbura, jibu ni lile lile: mji si mahali pa kulima. Mboga zitaleta mbu na nyoka, na wezi watapata pa kujificha. Anayetaka jembe aende mashambani Gihanga au arudi kwao mlimani. Maneno haya yanarudiwa kama sheria ya afya, na majirani huyatumia kumzuia padri au imamu hata kabla mbegu haijaguswa. Ni imani potofu, na wanaoumia ni watu wa mtaa uliobanana, ambao kwao ua wa nyumba ya ibada ni moja ya nafasi chache zilizobaki wazi.

Tuanze na mbu. Anofelesi, mbu wa malaria, hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, wala hazaliani katika jani la lengalenga au la sombe. Mbu wengi wanaotunyima usingizi hutoka kwenye mifereji iliyoziba na mashimo ya vyoo. Nakiri kwamba shimo la kumwagilia lililoachwa wazi ni hatari kweli: huko Kumasi, Ghana, watafiti walikuta malaria zaidi karibu na bustani za umwagiliaji. Basi yapigwe marufuku mashimo ya wazi, na mahindi yasipandwe pembeni mwa njia kama urefu wake unawatia watu hofu usiku. Kosa la shimo lisilipwe na mchicha. Isitoshe, Buyenzi inajulikana kwa mafundi wake wa magari, na udongo uliokunywa oili chafu na risasi ya betri kuukuu unastahili wasiwasi kuliko tuta la biringanya. Sisemi mafundi wafukuzwe, maana wanalisha familia nyingi. Nasema ardhi ikishukiwa, mboga ziote kwenye magunia yaliyojazwa udongo safi, kama wakazi wa Kibera, Nairobi, walivyofanya kwa wingi baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007.

Wapo wanaosema mji wenye mpango hauruhusu kilimo. Nchi za ukanda wetu zimekwisha kujibu. Tanzania ilitoa kanuni za kilimo cha mijini mwaka 1992, zikaweka ukomo wa ekari 3 kwa mtu mmoja. Kampala ilipitisha sheria zake ndogo mwaka 2006, Nairobi ikafuata mwaka 2015. Zote ziliona kwamba watu watalima tu, ruhusa iwepo isiwepo. Kilicho mikononi mwa serikali ni kuamua walime wapi na kwa maji gani.

Na haja ipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Bujumbura ina nafuu kuliko vijijini, lakini mboga zake nyingi hufika sokoni kwa gari, na mafuta yanapokosekana, kama ilivyotokea mara nyingi miaka hii, mama wa Buyenzi ndiye anayelipa tofauti. Wakati huo huo maji ya udhu yanamwagika msikitini mara tano kila siku, yakipotelea mferejini, nayo yanatosha kabisa kumwagilia matuta machache. Anayeona jambo hili halifai mahali patakatifu akumbuke Bayruha, bustani ya mitende ya sahaba Abu Talha iliyotazamana na msikiti wa Mtume Madina, ambayo mwenyewe aliitoa sadaka.

Pingamizi moja nalipa uzito zaidi. Katika mtaa wa Waislamu na Wakristo, bustani ya kanisa inaweza kuonwa kama chambo cha kuwavuta watu wa dini nyingine, na ya msikiti vivyo hivyo. Hofu hiyo haitibiwi kwa kuacha ua mtupu. Matuta yagawiwe kaya za jirani bila kuuliza dini, majina ya waliopata yabandikwe getini, na kamati iwe na watu wa pande zote. Viongozi wa tarafa yetu ya Mukaza, andikeni kanuni hiyo: ukomo wa urefu wa mimea, katazo la maji yaliyotuama, ukaguzi wa udongo, na haki ya jirani kulalamika akasikilizwa. Ukurasa mmoja unatosha, na msimu wa mvua usiwakute bado mnajadili.