Hakika Si Kabisa

Huku Eldoret, kama kwingi nchini Kenya, wanafunzi wamezoea kukariri certainly, definitely, absolutely, surely na indeed kama visawe. Yote, wanaambiwa, maana yake ni "hakika", chagua utakalo. Dhana hii huwagharimu kwenye zoezi la kujaza mapengo katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, na baadaye katika barua za kuomba kazi.

Ni kweli kwamba ukiombwa msaada, utaeleweka ukijibu kwa certainly, definitely au absolutely. Kamusi nazo hulifafanua moja kwa jingine. Lakini maneno kuweza kupokezana mahali pamoja hakuyafanyi yawe na kazi moja kila mahali.

Tazama surely. Anayesema "Surely the bus has left" hakuliona basi likiondoka. Anakisia, na anataka umkubalie. "The bus has definitely left" ni kauli ya mwenye ushahidi, hasa panapokuwa na ubishi. Ndiyo maana anayemaliza barua kwa "Surely I will come for the interview" husikika kama anayebembeleza, ilhali alikusudia kuahidi. Na masikio yetu yanalijua hilo: abiria aliyeachwa na matatu stejini hulalamika, "Surely!" Hathibitishi chochote, anadai haki yake.

Wapo wanaodhani tofauti hizi ni za wazawa wa Kiingereza peke yao. Sivyo. Dada anayewasubiri wageni kutoka Nakuru akisema, "Bila shaka wameshapita Burnt Forest," amepiga hesabu ya saa tu, ingawa maneno yenyewe yanakana shaka. Akisema, "Wameshapita, nina hakika," huenda wamempigia simu. Absolutely nalo liko karibu na "kabisa": hupima kiwango, na hukazia hata kukataa, kama katika "sitaki kabisa". Kwa hiyo hupatana na exhausted, yaani kuchoka hadi mwisho, kuliko tired, uchovu wenye ngazi nyingi. Indeed huitikia lililokwisha kusemwa, kama "kweli" ya mzee barazani.

Haya si mapambo ya insha. Katiba ya 2010 imezifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na mahakamani mara nyingi shahidi husema kwa Kiswahili, maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza. "Bila shaka alikuwa yeye" ikigeuzwa kuwa "It was definitely him", kisio limekuwa ushahidi, na mtu anaweza kufungwa kwa hilo.

Walimu wetu waache orodha za kukariri. Wamuulize mwanafunzi: umeliona, unalikisia, unapima kiwango, au unaitikia la mwenzako? Jibu la swali hilo analo tayari kwa Kiswahili chake, na ndilo litakalomwonyesha neno la Kiingereza analolihitaji.