Mzoefu Naye Hukosea

Ndege ikicheleweshwa na hali ya hewa, hakosi abiria wa kunung'unika: "Rubani huyu mwoga. Mzoefu angekwisha ruka." Kauli hiyo tumeizoea, na ni ya hatari.

Machi 27, 1977, ukungu ulifunika uwanja wa Los Rodeos, Tenerife. Ndege ya KLM ilikuwa mikononi mwa Jacob Veldhuyzen van Zanten, mkufunzi wa marubani wenzake, ambaye picha yake shirika liliitumia kwenye matangazo. Yeye na wenzake ndegeni walikuwa wamekwama hapo kwa saa kadhaa na muda wao halali wa kazi ulikuwa ukiyoyoma. Alipoanza kuongeza nguvu za injini, rubani msaidizi alimkumbusha kwamba ruhusa haijatoka. Nahodha akangoja kidogo, kisha akaiachia ndege ikimbie, ruhusa ya kuruka ikiwa bado. Mhandisi wa ndege akauliza: je, ile ndege ya Pan Am iliyokuwa kwenye njia hiyohiyo ya kurukia imeshatoka? Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuna aliyeuliza tena. Sekunde chache baadaye Boeing 747 mbili ziligongana, wakafa watu 583.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya mbali na ya zamani. Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways iliruka usiku wa manane kutoka Douala, Kameruni, katika hali ya mvua na radi, bila ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Nahodha alikuwa na zaidi ya saa 8,000 angani. Kijana aliyekaa kando yake, 800 hivi. Walidhani mtambo wa kujiendesha umeshika, kumbe haukushika. Gizani ndege ikalalia kulia polepole, hadi ikaanguka kwenye mikoko. Watu wote 114 walikufa.

Uzoefu humpa mtu ustadi. Humpa pia ujasiri wa kuruka kanuni aliyowahi kuiruka akapona, na humziba mdomo mdogo aliyeona kosa. Ndiyo maana baada ya Tenerife marubani wasaidizi walianza kufundishwa kumpinga mkubwa wao, na wakubwa kufundishwa kusikiliza.

Kawia ufike, walisema wazee. Siku nahodha akitangaza kwamba tunasubiri, au tunarudi tulikotoka, tusimzomee. Huenda kule mbele mdogo ameuliza swali, na mkubwa amelisikia.