Maabara bila daftari ni bure

Kila Marekani inapotangaza kwamba mwanaanga wake aliyepotea katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ametambuliwa, sifa humiminiwa vinasaba. Wanasayansi wanazistahili, lakini yuko mtu mwingine anayesahaulika: karani. Tutazame shambulio la Agosti 1, 1943, pale ndege 177 za Marekani za kudondosha mabomu, aina ya B-24, zilipoondoka Libya kwenda kulipua viwanda vya kusafisha mafuta vya Ploiești, Romania. Ziliruka chini mno, zikapokewa na mizinga, na wanaanga wapatao 300 wakafa siku hiyo hiyo, wengi wao katika moto usiobakiza sura ya mtu. Waromania waliwazika. Vita vilipokwisha Wamarekani waliwafukua, wakawatambua waliowezekana, na zaidi ya 80 wakawashinda. Hao walizikwa upya Ubelgiji, katika makaburi ya Ardennes na Henri-Chapelle, bila majina, kila mmoja na namba yake kwenye jalada.

Mwaka 2017 makaburi hayo yalianza kufukuliwa na mifupa kupelekwa maabara ya kambi ya Offutt, Nebraska. Huko majina yameanza kurudi, moja baada ya jingine. Lakini kinasaba peke yake hakisemi jina la mtu. Husema tu kwamba mfupa huu na damu ile ni vya ukoo mmoja. Ile damu itatoka wapi? Mara nyingi itatoka kwa mjukuu wa dada wa marehemu, aliyezaliwa na binti wa dada huyo, kwa sababu aina ya vinasaba inayodumu zaidi katika mfupa mkuukuu hurithiwa kwa mama. Na mjukuu huyo hapatikani mpaka ijulikane nani walikuwa ndani ya ndege ile, walizaliwa wapi, mama zao ni akina nani. Ongeza kadi ya meno, kimo kilichopimwa siku ya kuandikishwa, na jalada linaloeleza mwili uliokotwa wapi. Yote hayo yaliandikwa na watu wa ofisini ambao hawakujua kwamba miaka 70 baadaye kazi yao ingehojiwa na maabara.

Wapo wanaouliza kwa nini fedha zote hizo zitumike kwa mifupa ilhali walio hai wana shida. Ni swali la haki, na Uingereza imelijibu kivyake: haina mpango kama huo wa kufukua makaburi ya wasiojulikana, na wanaanga zaidi ya 20,000 wa Uingereza na Jumuiya ya Madola wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye kuta za kumbukumbu ya Runnymede. Sioni aibu katika uamuzi huo. Ila hata ukuta unahitaji orodha. Nchi inaweza kukosa fedha za maabara na bado ikawatendea haki wafu wake, ilimradi iliwaandika.

Ndiyo maana hesabu yetu sisi wa Afrika Mashariki ni chungu zaidi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri, na miongoni mwao wamo wapagazi waliobeba chakula na risasi za Waingereza. Utetezi wa kawaida ni kwamba walikuwa wengi na kumbukumbu zilikuwa hafifu. Utetezi huo hauniridhishi. Wapagazi waliandikishwa na kulipwa mishahara, na hakuna mlipaji anayelipa bila kuandika. Ripoti yenyewe inaonyesha kwamba mahali pengi wakubwa waliamua tu kuwa Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina. Kudai vipimo vya vinasaba kwa wapagazi wetu leo kungekuwa kuanzia mwisho. Tudai kwanza madaftari: yaliyoko London na yaliyomo katika hifadhi za Nairobi na Dar es Salaam yasomwe, yanakiliwe, na majina yake yabandikwe wilayani ambako wazao wao bado wanaishi.